Barua kwa mpwa wangu mkimbiaji: usichague chuo kwa ukubwa wa ligi yake

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kutoka huku mashariki mwa jimbo la Washington. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema vyuo viwili vimekuandikia, na kocha wa kimoja amekuhakikishia kwamba chake kiko Big Ten, "ligi kubwa", ilhali kile kingine kiko kwenye ligi ambayo huko nyumbani hata jina lake halijulikani. Unataka kujua kama hiyo yatosha kukata shauri. Nakujibu hadharani kwa sababu vijana wengine wa Kapsabet na Iten wamekuwa wakiniuliza hayo hayo.

Haitoshi. Hapa ninapoishi nimeona ligi yenye historia ya zaidi ya miaka mia ikisambaratika, na chuo kilichoachwa kwenye mataa ni kile kile kilichowapokea wakimbiaji wetu.

Vyuo vya Marekani havina ligi moja ya taifa. NCAA, chama kinachosimamia michezo yao, huandaa fainali za kitaifa, lakini msimu wenyewe vyuo hushindana ndani ya makundi vilivyojiundia, yanayoitwa konferensi. Makundi hayo yalianzia kwenye ujirani. Mwaka 1915 vyuo vinne vya upande wa Pasifiki vilikutana Portland vikaunda umoja: California ya Berkeley, Washington, Oregon, na chuo ambacho leo ni Oregon State. Washington State ya Pullman ikaingia 1917, Stanford 1918, na USC na UCLA za Los Angeles zikafuata baadaye. Umoja huo ulivunjika 1959 ukaundwa upya, ukapitia majina kadhaa hadi ukawa Pac-12 mwaka 2011, ila muda wote huo ulibaki ligi ya watu wa magharibi.

Pullman ni mji mdogo katikati ya vilima vya ngano, karibu kabisa na mpaka wa Idaho. Huko ndiko kocha John Chaplin alikowaleta Wakenya miaka ya sabini. Samson Kimobwa alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977 akiwa mwanafunzi wa hapo. Kisha kuna Henry Rono, Mnandi mwenzako. Aprili 8, 1978 alikwenda Berkeley akakimbia mita 5,000 kwa 13:08.4, rekodi ya dunia. Mei 13 akawa Seattle, kwenye uwanja wa Chuo cha Washington, mpinzani mkubwa wa chuo chake, akakimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa 8:05.4. Rekodi nyingine ya dunia. Mwezi Juni akaongeza ile ya 10,000 huko Vienna na ya 3,000 huko Oslo, zote nne ndani ya siku 81. Ninachotaka ukione ni kwamba mbili za kwanza alizivunja kwenye viwanja vya vyuo vya ligi yake mwenyewe, mbele ya watu waliomfahamu kama mgeni wao wa kila msimu. Baada yake alipita Julius Korir, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki 1984, na Bernard Lagat. Kwa upande wetu wa mchezo hakuna ligi iliyokuwa kubwa kuliko ile.

Haya, sikiliza kilichotokea. Juni 30, 2022 USC na UCLA walitangaza kwamba wanahamia Big Ten, ligi iliyozaliwa Chicago mwaka 1896 kwa ajili ya vyuo vya katikati ya nchi. Mwaka uliofuata Colorado ikarudi Big 12, konferensi yake ya zamani. Kisha Agosti 4, 2023, kwa siku moja tu, wakaondoka watano: Oregon na Washington kwenda Big Ten, Arizona, Arizona State na Utah kwenda Big 12. Stanford na Berkeley wakaomba hifadhi Atlantic Coast Conference, ligi ya bahari nyingine kabisa, wakakubali kupewa asilimia 30 tu ya mgao kamili kwa miaka saba ya mwanzo. Wakabaki wawili: Washington State na Oregon State.

Wawili hao walikwenda mahakamani hapa hapa kaunti ya Whitman, wakashinda haki ya kuendesha kilichobaki cha ligi. Walistahili. Lakini hukumu haiwezi kukurudishia wapinzani.

Chanzo ni futiboli ya Kimarekani na runinga. Zamani NCAA ndiyo iliyoamua ni mechi gani zionyeshwe na mara ngapi. Vyuo vya Oklahoma na Georgia vikashtaki, na mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba utaratibu huo unakiuka sheria ya ushindani wa biashara. Baadaye kila konferensi ikaanza kujiuzia mechi zake, na anayenunua anataka miji mikubwa yenye watazamaji wengi. Ligi ya zamani ya Texas, Southwest Conference, ilikufa 1996 kwa upepo huo huo. Mwaka 2022 Big Ten ilisaini na Fox, CBS na NBC mkataba wa miaka saba ulioripotiwa kuzidi dola bilioni 7. Los Angeles ina runinga nyingi na Seattle vilevile. Pullman ina ngano.

Kwa hiyo leo Big Ten ina vyuo 18, na SEC ya kusini ina 16 baada ya kuzichukua Texas na Oklahoma. Ligi hizi mbili ndizo zinazovutana mamlaka yote. Mashabiki wa SEC huimba herufi tatu za ligi yao hata anaposhinda mtani wao, mradi aliyepigwa ni wa Big Ten. Michigan ilipotwaa ubingwa wa msimu wa 2023 na Ohio State wa 2024, wa kaskazini nao walijibu mapigo. Utani huo wa ligi kwa ligi una msisimko wake, siukatai. Ila umejengwa juu ya kaburi la utani wa jirani kwa jirani, na huo ndio ulioleta watu uwanjani kwa vizazi.

Fikiria Gor Mahia wapelekwe ligi ya nchi nyingine kwa kuwa runinga ya huko inalipa vizuri, na watani wao Ingwe (AFC Leopards) wabaki peke yao. Oklahoma na Oklahoma State walikutana mara ya mwisho Novemba 4, 2023, State wakashinda 27–24, na mfululizo wa zaidi ya karne moja ukasimama. Texas na Texas A&M, waliokutana tangu 1894, waliachana 2011 kwa sababu ya ligi na hawakuonana tena hadi 2024.

Sisi huku tuna Apple Cup, Washington dhidi ya Washington State, mechi iliyoanza 1900. Kwa miaka mingi ilikuwa ya mwisho wa Novemba, baridi ikiwa imeshauma. Sasa inachezwa Septemba, kwa makubaliano maalumu yanayofika 2028. Ile ya 2024 niliitazama kwa majirani zangu: mume amevaa zambarau ya Washington, mke nyekundu ya State. Washington walikuwa nyuma 24–19, wamebakiwa na yadi moja na jaribio moja. Wakarusha mpira pembeni, mchezaji akakamatwa kabla ya kufika mstari, na State wakashinda. Yule mama alilia machozi, na mume wake akamkumbatia. Hakuna mtu Seattle atakayemlilia Rutgers namna hiyo.

Rutgers iko New Jersey. Kutoka Los Angeles ni mbali kuliko Nairobi hadi Cairo, na saa zinatofautiana tatu, lakini siku hizi ni wapinzani wa ligi moja. Wanaoumia zaidi ni wasichana wa voliboli na softiboli, wanaosafiri wiki baada ya wiki na kurudi darasani asubuhi wakiwa hoi. Futiboli inasafiri mara chache, ila ndiyo iliyoamua.

Wewe mkimbiaji una nafuu, na hapa ndipo maneno ya yule kocha yanapungua uzito. Mashindano yako mengi ni ya mwaliko. Konferensi utaikuta hasa kwenye ubingwa wake: wa nyika mwisho wa Oktoba, wa ndani wakati wa baridi, na wa uwanjani mwezi Mei. Kufuzu fainali za kitaifa hakupitii ligi: nyika hupangwa kwa kanda tisa za kijiografia, na uwanjani nchi hugawanywa Mashariki na Magharibi. Mwenye mbio atafika kutoka ligi yoyote.

Kinachoweza kukuumiza ni pesa. Tangu 2025, baada ya suluhu ya kesi kubwa mahakamani, vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na sehemu kubwa inakwenda futiboli na mpira wa kikapu. Wewe utakuja kwa viza ya mwanafunzi yenye masharti makali ya kazi, kwa hiyo usiahidiwe malipo ya matangazo na ukaamini bila kumwona mwanasheria. Idadi ya wanariadha kwa kila timu nayo imewekewa kikomo. Hata chuo cha Rono kimeguswa: Juni 2025 Washington State walitangaza kuondoa michezo ya kuruka na kurusha, kupunguza nafasi za mbio fupi na viunzi, na kuelekeza nguvu kwenye mbio ndefu. Wakimbiaji wa aina yako wamesalimika, wenzao hawakusalimika.

Waulize makocha wote wawili mambo haya, kwa maandishi. Ufadhili ni kamili au nusu, na unadumu mwaka mmoja au minne? Nikiumia mguu, nitaendelea kulipiwa? Kocha mwenyewe mkataba wake unaisha lini? Wakimbiaji waliokuja kutoka Kenya miaka minne iliyopita, wangapi wamehitimu? Kozi ya uhandisi unayoitaka ipo, na mazoezi hayagongani na maabara zake? Ukitaka kuhama siku hizi inawezekana bila kukaa nje msimu mzima, lakini masomo uliyofaulu si yote yatakayokubaliwa unakokwenda.

Majibu yakifika, nitumie pamoja na makubaliano ya ufadhili ya kila chuo. Usitie sahihi kabla hatujayasoma pamoja, mimi, wewe na mama yako.

Mjomba wako