Boga halikulimwa na mtu mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika safu ya barua za wasomaji. Mlichapisha picha ya maonyesho ya klabu yetu ya bustani: mwanachama mwenzetu amesimama, mkono kiunoni, boga lake miguuni. Maelezo ya picha yakasema amelikuza "peke yake, nyuma ya nyumba yake". Habari yenyewe, aya nne tu, ikaishia kwa kusema kwamba klabu za namna hii huwasaidia wastaafu kupoteza muda.

Kwamba nimestaafu sikatai. Maisha yangu ya kazi yalipita ghalani, nikipokea na kutoa vipuri kwa saini, na sasa natunza stoo ya vifaa vya klabu kwa mtindo uleule. Muda wa kupoteza ndio sina. Lakini hilo la wastaafu nawaachia. Lililonifanya nitafute kalamu ni hilo "peke yake".

Tuanze na boga, maana ndilo lililowavuta. Kwa wanaolima maboga ya mashindano, letu ni kitoto: mwaka 2023 Travis Gienger wa Marekani alipeleka kwenye mizani boga la kilo 1,247. Hakuna uchawi hapo. Mbegu hutoka katika ukoo wa maboga makubwa, mmea mmoja huachiwa tunda moja, mengine yote hukatwa yakiwa machanga, na maji hayakosekani. Ladha usiulize, nyama yake ni majimaji matupu. Kila mwaka napendekeza tuwe na meza ya maboga ya kuliwa, na kila mwaka kura zinanikataa.

Sasa sikilizeni mtu anavyolima "peke yake". Mmea wa boga una maua dume na maua jike. Jike utalijua kwa kijiboga kilichokaa chini ya petali zake. Linafunguka alfajiri, na kabla jua halijapanda sana limeshaanza kusinyaa. Likikosa chavua siku hiyo, kijiboga kinageuka manjano na kudondoka. Asubuhi ua jike la mwenzetu lilipofunguka, mmea wake haukuwa na dume hata moja lililo tayari. Aliyemwokoa ni mama mshonaji mwenye bustani ng'ambo ya njia, aliyekata ua dume la kwake na kulileta akiwa amelikinga kwa kiganja. Mboji aliyopandia ilitoka kwenye lundo la klabu. Toroli, beleshi na mpira wa maji vilitoka stoo, na saini yake ninayo katika daftari. Siku ya maonyesho boga lilibebwa na watu wanne juu ya turubai, na mmoja wao mpaka leo anajishika mgongo. Mwenye boga alimweleza mwandishi wenu haya yote, nami nikiwa pale. Hayakuandikwa.

Mngekuja siku ya kugeuza lundo la mboji mngepata habari yenye mvuke. Hiyo ni kazi ambayo mwenye kibustani kidogo haiwezi peke yake, hata awe hodari namna gani. Ili lundo lipate joto linatakiwa liwe na mita moja hivi kila upande: urefu, upana na kimo. Likiwa dogo kuliko hapo joto linapotea pembeni, na vitu vinaoza kwa mwendo wa kinyonga. Nyumba moja itapata wapi taka za bustani za kujaza nafasi hiyo kwa siku moja? Ndiyo maana tunachanga: nyasi za huyu, majani makavu ya yule, samadi ya mfuga kuku, maganda ya jikoni kwa kila mmoja. Chakula kilichopikwa tulikipiga marufuku baada ya panya kuhamia na familia zao.

Wataalamu wanasema sehemu 25 hadi 30 za kaboni, iliyo nyingi kwenye vitu vikavu, kwa sehemu moja ya nitrojeni, iliyo nyingi kwenye vitu vibichi na samadi. Sisi tunapima kwa pua. Likinuka vibaya, vitu vibichi au maji vimezidi, basi tunaongeza majani makavu na kuligeuza lipate hewa. Likikaa baridi wakati si kavu, limekosa samadi na nyasi mbichi. Tunalotafuta ni nyuzijoto 55 hadi 65, ambazo zikidumu siku kadhaa huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Kipimajoto chetu ni ufito wa chuma uliochomekwa hadi katikati: ukiuchomoa ukashindwa kuushika, mambo ni mazuri. Mwenye ufito ni kijana fundi baiskeli, na hakuna anayeuchomoa kabla yake. Cheo hicho hakimo katika katiba yetu, lakini hata mwenyekiti humwomba ruhusa.

Nalo lundo hilo lina kazi nyingine ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha kilimo. Wanachama wawili waligombania mpaka wa matuta yao, wakaacha kusalimiana msimu mzima. Vikao viwili vya kamati havikusaidia kitu. Wakapangwa zamu moja ya kugeuza mboji, kila mmoja na beleshi lake, upande huu na upande ule. Neno la kwanza kutamkwa baina yao lilikuwa "sogea". La pili silichapishi, lakini kufikia mwisho wa lundo walikuwa wanabishana kuhusu vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza mimea, kama zamani.

Mbegu nazo hazitaki upweke. Maharage na nyanya zina nafuu, kwa kuwa kwa kawaida hujichavusha zenyewe. Mtu akivuna mbegu zake atapata karibu kilekile alichopanda, ilimradi si chotara za dukani. Boga ni jambo jingine. Nyuki hana habari na uzio. Anatoka kwenye boga langu anaingia kwenye la jirani, na kama yote ni ya jamii moja, mbegu zimeshachanganyika. Wengi hudhani chavua ya jirani inaharibu ladha ya boga la msimu huu. La hasha, tunda linabaki vilevile. Linalobadilika ni mbegu zilizomo ndani, na vioja utaviona ukizipanda msimu unaofuata.

Kwa hiyo kabla ya kupanda tunakaa na kukubaliana nani atatunza aina gani kwa ajili ya mbegu. Kwa boga, mtunzaji huyafunga kwa uzi maua dume na jike jioni kabla hayajafunguka, ili nyuki wasimtangulie, asubuhi anachavusha kwa mkono, kisha analifunga jike tena. Kwa mahindi ni kazi kubwa zaidi. Anayetaka mbegu zake zisidhoofike kizazi baada ya kizazi anashauriwa kuvuna kutoka mimea 100 au zaidi. Katika vipande vyetu vya ardhi nani ana nafasi hiyo? Tunapanda aina moja watu wengi kwa wakati mmoja, halafu tunachanganya punje.

Ninyi mlikuja na kamera wakati matunda yamekwisha kupangwa mezani. Hapo tayari kazi imekwisha.

Magonjwa ndiyo yanayowatia watu hasira. Bakajani chelewa, ugonjwa uleule ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuleta njaa kubwa, hushambulia pia nyanya, na mbegu zake za ukungu husafiri kwa upepo. Hali ya hewa ikiwa ya unyevu na ubaridi, bustani moja iliyotelekezwa inaweza kuwatia hasara majirani wote. Hapo ndipo kauli ya "bustani ni yangu, nitafanya nipendavyo" inapogonga mwamba. Kanuni yetu inasema mmea wenye dalili utang'olewa, hautaingia kwenye mboji, na mwenyewe akiwa hayupo jirani anaruhusiwa kuung'oa mbele ya shahidi. Kifungu cha shahidi niliomba mimi. Ghalani nilijifunza kwamba kitu kikiondoka bila shahidi, kinarudi kama kesi.

Kanuni hizo hakuna aliyetuletea. Tulizitunga wenyewe baada ya ugomvi wa mpira wa maji, ulipokuwa mmoja tu na kila mtu anautaka saa ileile ya jioni. Tukaweka zamu na kuibandika mlangoni pa stoo. Anayechelewa kuurudisha mara ya kwanza anakumbushwa. Akirudia, anasafisha vifaa vyote vya stoo. Akizidi, anamwagilia kwa kopo mwezi mzima, na kopo lenyewe linavuja. Baadaye mwanachama mmoja alitusimulia habari za Elinor Ostrom, Mmarekani aliyekuwa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009. Mama huyo alichunguza watu wanaotumia kwa pamoja mifereji ya maji, misitu na maeneo ya uvuvi, akaona kwamba wengi huvitunza vizuri bila kusubiri bwana mkubwa, pale wanapotunga kanuni wenyewe, wanapoangaliana wenyewe, na adhabu inapoanza ndogo kisha ikapanda. Tuliposikia hivyo katibu aligonga meza, akadai nasi tupewe tuzo. Tumepewa aya nne.

Kuna daftari jingine stoo ambalo si la vifaa. Mwanachama akiugua au akifiwa, jina la bustani yake linaandikwa humo, na atakayekuja kumwagilia anatia saini kama anavyotia kwa beleshi. Mwenzetu mmoja alilazwa hospitali nyanya zake zikiwa ndiyo kwanza zinachanua. Alipotoka alikuta zimefungiwa miti, vichipukizi vimebanduliwa, na udongo umefunikwa matandazo ya nyasi ili usikauke. Akauliza nani kafanya. Nikamfungulia daftari ajisomee, kwa maana orodha ilikuwa ndefu, na ndani yake mlikuwa na mtu mmoja ambaye hakumtarajia.

Sisemi klabu ni paradiso. Kuna wanaolipa ada kwa kuvizia, kuna anayechukua miche mitatu akasema ni mmoja, na kuna mzee wetu ambaye kila mkutano anasimama kwenye "mengineyo" kueleza kwa nini tusitumie dawa ya vitunguu saumu, na mkutano ujao anaeleza kwa nini tuitumie. Watoto huja Jumamosi na kukanyaga kila kitu. Kazi yao ni kuhesabu wadudu, na wadudu wengi wanaowahesabu wamekwisha kuwaua. Tunajitahidi kuwafundisha kwamba kibibi-kobe mwenye madoadoa ni rafiki, anakula vidukari. Wengine wanaelewa.

Ombi langu kwenu ni hili. Mnapoandika habari za bustani, iwe ya klabu yetu au nyingine yoyote, msije siku ya zawadi peke yake. Wangari Maathai alipoanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani nchini Kenya mwaka 1977, vikundi vya akina mama viliotesha miche na kulipwa kiasi kidogo kwa mche ulioshika, ukaishi. Kuchimba shimo na kusimika mche hakukutosha. Mwandishi naye anaweza kuja mche ukiwa umeshashika, au unaponyauka, akauliza ni zamu ya nani. Siku ya kugeuza mboji tutamkaribisha, na beleshi nitamwazima. Atasaini.

La pili, maelezo ya picha yarekebishwe. Hatuhitaji ukurasa wa mbele. Mstari mmoja unatosha, kwamba ua dume lilitoka kwa mama mshonaji. Mwenye boga mwenyewe ndiye aliyeniomba niliandike hili, kwa kuwa tangu gazeti litoke mama yule anamjibu kwa ufupi mno.

La tatu, siku ya kubadilishana mbegu inakaribia, na tarehe nitailetea ofisi yenu kwa mkono. Tafadhali itangazeni. Si lazima mtu awe mwanachama, na asiye na mbegu za kutoa atapewa za kuanzia. Mbegu za nyanya ziwe zimeloweshwa na ute wake siku mbili tatu, zikaoshwa na kukaushwa kwenye sahani, si kwenye karatasi, maana zikigandia hapo hatuzibandui sisi. Za kitunguu ziwe za mavuno ya karibuni. Baada ya mwaka mmoja au miwili nyingi huwa zimekufa, wakati za nyanya zilizokauka vizuri zinaweza kuota hata baada ya miaka minne. Penye shaka tutaweka mbegu 10 kwenye kitambaa kibichi: zikiota saba tunazigawa kwa maelekezo ya kupanda kwa wingi, zikiota mbili tunampa mwenyewe pole. Kila mtu aje na bahasha zake, na juu ya kila bahasha aandike jina la mmea na mwaka wa kuvuna. Zisizo na mwaka nazirudishia mlangoni, hata zikiwa za mwenyekiti.

Wako,
Mtunza stoo wa klabu ya bustani