Mkwawa si Shaka, wachoraji wenzangu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mchoraji wa mabango hapa Dodoma. Majuzi mwenye ukumbi mmoja alinipa kazi ya kumchora Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe wa Iringa, ukutani. Nikaanza kwa mkaa: mwanamume kasimama, shuka begani, mkuki umeegemea mkono. Tajiri akaja kukagua. "Mbona mnyonge hivi? Mtie misuli, na kichwani weka manyoya." Akanionesha kwenye simu anachokitaka. Alikuwa Shaka, mfalme wa Wazulu, na ngao yake ndefu. Nikatii, maana kodi ya chumba ilishafika. Leo natubu hadharani.

Na si mimi peke yangu. Mkwawa wetu karibu wote ni yule yule: kifua kama mfuko wa saruji, mdomo wazi anapiga ukelele. Sawa, vita vya Lugalo vilikuwepo. Agosti 17, 1891 jeshi lake liliuvizia msafara wa kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski, yule waliyemwita Nyundo, likamuua yeye na askari wake wengi. Ila mapigano yale yaliisha upesi sana. Kilichochukua muda ni yaliyofuata. Mwaka 1894 Wajerumani waliiteka ngome ya Kalenga, na kuanzia hapo Mkwawa akaishi msituni karibu miaka minne. Kichwa chake kilitangaziwa rupia 5,000, na bado watu wakawa wanampelekea chakula. Julai 19, 1898, akiwa mgonjwa na amebaki karibu peke yake, alijipiga risasi kule Mlambalasi asikamatwe.

Nani amemchora huyo? Aliyekonda, anayehama usiku, anayepokea ugali kutoka mkono ambao ungeweza kumuuza?

Nilishawahi kupanda basi la Iringa kupitia Mtera nikafika makumbusho ya Kalenga. Fuvu la Mkwawa limo ndani ya kioo. Wajerumani walilichukua, likatajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, likarudi 1954. Nililitazama kwa jicho la fundi, nikipima paji na taya. Ni kichwa cha mtu wa kawaida kabisa.

Jambo jingine, na hili ni letu wa Dodoma. Nikiwa juu ya ngazi namalizia yale manyoya, mzee mmoja wa Kigogo alisimama na fimbo yake, akatazama weee, kisha akauliza: "Huyu si ndiye watu wake walikuwa wanakuja kutuchukulia ng'ombe?" Tajiri alicheka. Mimi nilinyamaza, kwa sababu mzee hakukosea. Wahehe walivamia sana Ugogo. Ukutani pale hakuna hata ng'ombe mmoja.

Ule mchoro wa mkaa bado uko chini ya rangi. Mwenye ukuta mwingine akiutaka, pamoja na ng'ombe, atanunua rangi tu. Ufundi natoa bure.

Mchoraji wa mabango,
Dodoma