Mwanangu, mbwa huyo achanjwe

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Salamu zako na za mkeo tumezipata, na picha ya mtoto wa mbwa mliyemchukua tumeiona. Huku Moshi tu wazima, ila mama yako bado anasumbuliwa na goti, na masika ya mwaka huu yameanza kwa upepo uliotuangushia migomba upande wa mtoni.

Ninakuandikia kwa sababu ya jambo moja ulilolitaja kwa kulipita tu, kwamba habari za chanjo mtaziangalia mbwa akishakua. Mbwa hasubiriwi akue ndipo achanjwe. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha umri wa miezi 3, kisha hurudiwa kwa kadiri daktari wa mifugo atakavyokupangia, na kwetu wengi huirudia kila mwaka. Wewe unaishi Morogoro, mji wenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kinachofundisha madaktari hao hao wa mifugo, kwa hiyo sitakubali kusikia kwamba umekosa mtu wa kumchoma sindano. Wala usingoje tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ukitumaini kwamba watapita mtaani kwenu kuchanja bure.

Ninalisema hili kwa uzito kwa kuwa una watoto wadogo. Karibu vifo vyote vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huu huletwa na mbwa, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto akikwaruzwa wakati wa kucheza huficha, akiogopa kugombezwa, na ugonjwa huweza kukaa kimya mwilini kwa wiki au miezi. Dalili zikishajitokeza, hospitali haina dawa ya kumrudisha. Kwa hiyo waambie wajukuu zangu leo, tena kwa upole, kwamba mbwa yeyote akiwang'ata, akiwakwaruza au akiwalamba penye kidonda, waje waseme na hawatachapwa. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akaanze chanjo, bila kungoja kuona kama mbwa ataugua.

Jambo la pili linatoka katika hilo hilo. Umesema unamfunga mnyororo mchana kutwa ili awe mkali. Sikubaliani nawe. Mtoto wa mbwa hujifunza nani ni mwenzake na nani ni wa kuogopwa tangu wiki ya 3 hadi karibu ya 14 ya maisha yake, na mbwa aliyeupitisha muda huo akiwa amefungwa nyuma ya nyumba hawi mlinzi, bali huwa mwoga, na mbwa mwoga humng'ata aliye karibu, ambaye kwako atakuwa mtoto. Kubweka atabweka tu mgeni akigonga geti, hata usipomtesa. Zamani hapa nyumbani mbwa walifugwa kwa namna uliyoiona mwenyewe, na si yote uliyoyaona yanafaa kuchukuliwa. Mzoeshe watu: muuza maziwa, kijana wa bodaboda, mzee mwenye mkongojo. Ila mpaka amalize chanjo zake, pamoja na ile ya ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa, mbebe mikononi, usimweke chini mahali wanapozurura mbwa wengine.

Kuhusu haja, mtoe nje kila anapoamka, kila anapomaliza kula na kila anapomaliza kucheza, mahali pale pale, na akijisaidia msifu papo hapo. Akikosea ndani, safisha unyamaze. Kumpiga au kumsugua pua kwenye uchafu kunamfundisha kujisaidia uvunguni usipomwona. Akianza kubadilisha meno, karibu na mwezi wa 4, atatafuna viatu na mikono ya watoto. Akiuma mkono, mchezo uishe na mtu aondoke, kisha apewe kamba nene ya kutafuna. Watoto nao wafundishwe kutomgusa anapokula au anapolala. Dawa ya minyoo asikose, kwa sababu mayai ya minyoo yaliyomo katika kinyesi chake huwaingia watoto wanaocheza mchangani. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, hupasuka vipande vyenye ncha kali.

Jirani yako anayekwenda msikitini alfajiri umheshimu. Mbwa asiwe huru nje ya geti saa hizo, kwa maana mate yake yakimgusa itambidi arudi kujitwaharisha.

Nimefurahi sana kwamba ulimchukua kiumbe aliyekuwa atupwe, na mama yako amelisimulia hilo kwa majirani kwa fahari. Lakini umepata fedha ya televisheni mpya kabla ya fedha ya sindano moja, na hilo sikulipenda. Kumwonea huruma kulikuwa mwanzo; sasa achanjwe.

Paa la banda la mbuzi linavuja tena, nami nahitaji mabati mawili. Ukipata nafasi, tuma kwa basi la Ijumaa. Mwambie mkeo kwamba ndizi zake zipo, tutazituma mvua ikipungua. Daktari akishamaliza kazi yake, nitumie picha ya kadi ya chanjo, iliyoandikwa tarehe na yenye mhuri, kabla hujanitumia picha nyingine yoyote ya mbwa huyo.

Ni mimi,
Baba yako