Kervyn na nakala zinazopingana

Ndugu Mhariri,

Wanaokusanya daftari za zamani za koo na parokia hapa Uganda wana la kujifunza kwa Kervyn de Lettenhove (1817–1891), mbunge wa Ubelgiji. Uwaziri wake wa mambo ya ndani, ulioanza 1870, haukufika miaka miwili. Kilichobaki ni tarihi (masimulizi ya matukio ya zama zake) za Jean Froissart, mwandishi wa Kifaransa wa karne ya 14, majuzuu 25, alizozichapisha 1867 hadi 1877.

Froissart aliandika upya kitabu cha kwanza cha tarihi hizo mara kadhaa. Kervyn hakuzichanganya nakala: kwa kila tukio alichapa maelezo ya nakala moja, kisha ya nyingine, ikiwemo zile zinazoitwa kwa miji zilikohifadhiwa, ya Amiens na ya Roma. Siméon Luce, mwanahistoria Mfaransa aliyechapisha tarihi hizo pia, alimpinga kuhusu nakala ipi ilitangulia kuandikwa. Sawa tu, maana maandishi yote yapo na msomaji anaweza kupima.

Kwetu, nakala mbili zikitofautiana, mnakili "husahihisha" moja kwa nyingine na ushahidi hupotea. Nakili kila daftari peke yake, namba ya ukurasa pembeni, tahajia ilivyo. Neno lisilosomeka liwekee mabano matupu. Na karatasi iliyochanika isibandikwe selotepu: gundi yake huacha madoa ya manjano yasiyotoka.

Msomaji, Jinja