Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Haut-Katanga: kichocho kinavyoifungulia sida mlango

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi, mkaaji wa Katuba hapa Lubumbashi. Ninakuandikia kwa ajili ya mama mmoja aliyekulia kando ya mto Luapula, upande wa Kasenga, ambako tangu utoto aliingia majini kuloweka mihogo na kufua. Alikuja mara tatu kwenye kituo nilichokuwa nikifanyia kazi, akilalamika kutoka damu baada ya kukutana na mumewe. Mara zote tatu tuliandika ugonjwa wa zinaa, tukampa antibiotiki. Mume akaanza kumshuku. Mara ya nne nilimpima kwa taa kali: kwenye mlango wa kizazi kulikuwa na punje za njano, kama mchanga uliogandamizwa ndani ya nyama, na palivuja damu kwa kuguswa na pamba tu. Nikamwuliza kama utotoni aliwahi kukojoa damu. "Sisi wote kule tulikojoa damu," akajibu.

Punje hizo ni mayai ya kichocho, ugonjwa wa minyoo unaompata mtu anapoingia kwenye maji yenye vimelea vyake. Minyoo yake hukaa katika mishipa ya damu karibu na kibofu, na mayai yasiyotoka na mkojo hukwama kwenye nyama ya uke na kizazi. Mwili huyazingira kwa askari wake, mishipa midogo mipya huota, utando hudhoofika na kuchubuka. Miongoni mwa askari hao zimo seli za CD4, zile zile ambazo virusi vya sida huzisaka, na kwa wenye kichocho zimeonekana kubeba zaidi kipokezi cha CCR5, ambacho virusi hukitumia kuingia. Basi mnyoo unavikusanyia virusi windo mlangoni, na mlango wenyewe una kidonda.

Huko Zimbabwe, utafiti uliotoka 2006 ulikuta kwamba wanawake wenye vidonda hivi walikuwa na uwezekano wa karibu mara 3 wa kuwa na virusi kuliko wasio na vidonda hivyo. Tafiti za baadaye hazikuafikiana zote. Mimi niliyeiona nyama ile ikivuja damu, siwezi kungoja ziafikiane.

Prazikwanteli huua minyoo, ila mayai yaliyozama hubaki, na vidonda vyaweza kudumu miaka. Kwa hiyo dawa inapaswa kumfikia msichana mapema. Lakini vidonge kwa kawaida hugawiwa shuleni. Aliyeacha shule akauze makala ya kupikia hukosa, na mama yake pia. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri vipewe watu wote kuanzia miaka 2 pale ugonjwa ulipoenea, hata wajawazito baada ya miezi 3 ya kwanza.

Tunakuomba, Mheshimiwa, vidonge vifike sokoni na kliniki za wajawazito. Wauguzi wanaochunguza saratani ya mlango wa kizazi kwa siki wana kitanda na taa tayari. Wafundishwe kuzitambua punje hizo. Na kila mama anayekuja kupimwa sida aulizwe alikulia kwenye maji gani.