Asante mama wa matatu ya Kayole
Yule mama tulikaa naye kwa mathree ya Kayole Jumanne jioni, mimi ndio yule mjamzito alikuwa anatetemeka. Nilidhani ni baridi tu ya Nairobi, lakini wewe ukaniuliza nimetoka wapi majuzi, nikasema ushago Siaya, ukanishusha hapo Donholm ukanipeleka kliniki na boda ukalipa wewe. Nikatobolewa kidole, malaria, na damu imeshuka, na mimba ni ya miezi sita jamani! Daktari akasema vijidudu hujificha kwenye kondo la nyuma, mtoto anaweza zaliwa na kilo kidogo sana. Huku Nairobi kliniki hatupewi zile tembe za kuzuia malaria kama watu wa ziwa na pwani, so sikuwa nafikiria kabisa. Mtoto anacheza. Leso yako ninayo, nimeifua.