Barua ya wazi kwa vijana wetu mnaofanya kazi Marekani: kisomeni kifungu cha usuluhishi

Wanangu mnaoendesha Uber na malori, mnaofunga vifurushi maghalani, mnaotunza wazee wa watu usiku kucha: salamu nyingi, na poleni na kazi.

Ujumbe wa kundi la harusi mnausoma mstari kwa mstari, mkabishana hadi saa nane usiku kuhusu mchango wa keki. Mkataba wa kazi mnaupitisha kwa kidole gumba, mnabonyeza mnakubali, basi. Humo ndani kuna usuluhishi wa lazima. Tafuteni neno Arbitration, mara nyingi karibu na mwisho, na jirani yake maneno Class Action Waiver, yaani kuiacha haki ya kushtaki kwa pamoja na wenzako. Ukishakubali, kampuni ikikupunja saa zako huendi mahakamani. Unakwenda kwa mwamuzi binafsi, faraghani, wewe peke yako, hata kama wenzako mia tano wamepunjwa vilevile. Na uamuzi wake ni nadra sana kutenguliwa. Aliyezoea CMA ya Tanzania asidanganyike: ile ni tume ya umma ya migogoro ya kazi. Huku, katika kesi za kazi, sehemu kubwa ya ada ya mwamuzi hulipwa na kampuni, na kampuni ndiyo mteja anayerudi kila mwaka. Wewe utaonekana mara moja tu.

Nguvu hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Sheria ya taifa ya usuluhishi yenyewe ni ya 1925, na ilikusudiwa hasa wafanyabiashara wanaogombana wao kwa wao. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya simu ya AT&T iliyoanzia kwenye kodi ya dola 30 hivi, waliyotozwa mume na mke kwa simu iliyotangazwa kuwa ya bure. Majaji wakasema sheria ya jimbo haiwezi kuilazimisha kampuni kukubali kesi ya pamoja. Nani atatafuta wakili kwa dola 30? Hapo ndipo faida yao ilipo. Mwaka 2018, katika kesi ya Epic Systems, majaji watano dhidi ya wanne wakaliingiza jambo hilohilo kwenye madai ya wafanyakazi.

Tazameni benki ya Wells Fargo. Wafanyakazi walisukumwa na malengo ya mauzo hadi wakafungua akaunti kwa mamilioni ambazo wateja hawakuziomba. Wateja walipoanza kushtaki, benki ikajibu kwamba kifungu cha usuluhishi kilichomo kwenye akaunti zao halali kinahusu na zile za uongo. Wako majaji waliokubali. Faini ya dola milioni 185 ilikuja Septemba 2016, baada ya miaka ya malalamiko, na nashawishika kwamba kesi za hadharani zingelifichua jambo hilo mapema zaidi.

Julai 2017, CFPB, ofisi ya serikali inayolinda wateja wa huduma za fedha, ilitoa kanuni ya kuzizuia benki kufunga mlango wa kesi za pamoja. Mabenki yakashinikiza Bunge. Tarehe 24 Oktoba kura za Seneti zilifungana 50 kwa 50, na Makamu wa Rais Mike Pence akapiga ya 51 kuiua kanuni hiyo. Sheria iliyotumika inaizuia ofisi hiyo kutoa tena kanuni inayofanana nayo bila sheria mpya ya Bunge. Kwa hiyo anayewaambia siasa za Washington hazimhusu mpiga deliveri, mwambieni ahesabu kura ile.

Sasa ya kufanya. Kwanza, tafuta kama mkataba wako unaruhusu kujitoa, kwa maneno opt out. Mikataba ya madereva wa Uber na Lyft imekuwa ikitoa siku 30 tangu ulipokubali. Unaandika barua pepe ukitumia anwani uliyojisajilia: jina kamili, namba ya simu ya akaunti, tarehe, na sentensi moja kwamba unajitoa kwenye usuluhishi. Fuata anwani iliyoandikwa ndani ya mkataba wako, si uliyotumiwa na rafiki. Hifadhi nakala nje ya simu, kwa sababu simu hupotea. Wengi hukosea hapa: mkataba ukibadilishwa wanabonyeza upya bila kusoma, wakidhani barua ya zamani inatosha.

Wenye malori, sikilizeni. Sheria ya 1925 haiwahusu wafanyakazi wa usafirishaji unaovuka majimbo, na mwaka 2019, katika kesi ya New Prime, Mahakama ya Juu ilisema hata dereva anayeitwa mkandarasi huru amo katika msamaha huo. Majimbo mengine yana sheria zao za usuluhishi, kwa hiyo muulize wakili kabla ya kukata tamaa au kushangilia.

Aliyekwisha kufungwa na kifungu bado ana milango. Malalamiko kwa Idara ya Kazi, kwa EEOC, ofisi ya serikali inayoshughulikia ubaguzi kazini, na kwa NLRB, bodi ya serikali inayolinda haki ya wafanyakazi kuungana, hayazuiwi na usuluhishi. Unyanyasaji wa kingono umetolewa humo kwa sheria ya Machi 2022, ukitaka kwenda mahakamani. Ila muda ni mkali: EEOC siku 180, au 300 penye ofisi ya jimbo inayoshughulikia ubaguzi, madai ya mshahara kwa sheria ya taifa miaka miwili, mitatu kama kampuni ilikusudia. Kulalamika Idara ya Kazi hakusimamishi saa hiyo. Andika mwenyewe kila siku saa ya kuingia na ya kutoka. Usitegemee programu yao, maana wakikufungia akaunti kumbukumbu zako zinabaki kwao.

Tena, upweke huo ambao kampuni zimewalazimisha unaweza kuzigeukia zenyewe. Wasafirishaji zaidi ya 5,000 wa DoorDash, kampuni ya kupeleka chakula, walifungua madai mmoja mmoja, kama mkataba ulivyotaka. Ada ya usuluhishi iliyotakiwa kulipwa na kampuni ikafika dola milioni 9.5 hivi, ikagoma kulipa, na Februari 2020 Jaji William Alsup wa San Francisco akaiamuru iendelee na usuluhishi ilioutaka yenyewe. Tangu hapo kampuni kadhaa zimeandika upya mikataba ili madai yasikilizwe mafungu kwa mafungu, mengine yakisubiri. Kwa hiyo toleo la mkataba ulilokubali wewe, na tarehe yake, lina uzito. Lipige picha usiku huu, kurasa zote.

Ni mimi mzee wenu.